Kitabu hakipo kwenu, kipo chuo jirani: namna ya kuazimana maktaba kwa maktaba hapa Mombasa

Kila semesta zikifika zile wiki za kuandika tesisi mambo huwa yale yale. Mwanafunzi anakuja kaunta na jina la kitabu kwenye simu, unatafuta kwenye katalogi hakuna, unamwambia pole hatuna, anaenda zake, na kitabu chenyewe muda huo kimelala kwenye rafu ya chuo kingine mwendo wa tuktuk tu kutoka hapo ulipo, pengine hakijaguswa tangu kinunuliwe. Mombasa hii si kubwa. Tudor kuna TUM, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, mjini na kandokando kuna kampasi za Chuo Kikuu cha Nairobi, Kenyatta, JKUAT, Mount Kenya na KeMU, kuna Kenya Coast National Polytechnic, ukisogea Kilifi kuna Chuo Kikuu cha Pwani, ukipanda juu Voi kuna Taita Taveta. Kila mmoja ananunua vyake, kila mmoja analia bajeti haitoshi, alafu hatuazimani, ama tunaazimana kwa kujuana tu, leo yupo fulani mambo yanaenda, fulani akihamishwa basi, tunaanza upya.

Haya maelezo ni ya wenzangu wa maktaba, hasa wale wa kampasi ndogo ambao wewe ndo mkutubi, wewe ndo wa kaunta na wewe ndo wa kupanga vitabu jioni. Mwanafunzi ama mhadhiri akisoma pia haidhuru, atajua aje aulize nini. Na kabla hujaniambia nguo ya kuazima haisitiri matako, waliosema hivo hawakuwa na supavaiza.

Kwanza shika hili

Kuazimana tunakozungumzia hapa si mwanafunzi wako kwenda kuazima kwa jirani, ni maktaba inaazima kwa maktaba. Mwanafunzi anakuomba wewe, wewe unaomba chuo kingine, wao wanakupa wewe, na wewe ndo unamdai mwanafunzi. Wao hawamjui wala hawana haja ya kumjua. IFLA, lile shirikisho la kimataifa la maktaba, lina kanuni za mambo haya tangu 1954, zimerekebishwa mara kadhaa, na uti wa mgongo wake ni huu: kitabu kikishatoka kwa mwenyewe mpaka kirudi kwa mwenyewe, dhamana ni ya aliyeomba. Kikipotea kwenye matatu pale Mtwapa ni juu yako. Mwanafunzi akikimwagia chai ni juu yako. Umeshakituma kirudi, kimekwama ofisi ya mizigo siku nne, bado ni juu yako mpaka wao waseme kimefika.

Mweleze bosi wako hilo kabla ya kitu chochote, na umweleze kwa maandishi. Bosi anayefurahia kuazima lakini akisikia habari ya kulipa kilichopotea anaanza kukohoa, huyo bado hajawa tayari, na ni afadhali ujue mapema kuliko kuaibika kwa jirani baadae.

Kabla hujaomba, tafuta

Ukweli ni kwamba maombi mengi yanayofika kaunta hayahitaji kuazima kitu. Tafuta kwa mpangilio, ukianza na cha karibu.

Kama nyinyi ni kampasi ya chuo cha Nairobi, mko na mama yenu kule, na maktaba ya mama ni yenu. Watu wanasahau hili ajabu. Wanahangaika na majirani na kumbe kitabu kiko makao makuu na kuna gari ama mtu wa ofisi anayepanda na kushuka kila wiki na mafaili. Ongea na mwenye hiyo safari, mpe bahasha, imeisha hiyo.

Pili, tazama vilivyo wazi mtandaoni. Kama ni tesisi ya Kenya, ingia kwenye hazina ya kidijitali ya chuo kilichotoa hiyo shahada, Nairobi wanayo, Kenyatta wanayo, na vingine vingi. Kama ni jarida la Afrika pitia AJOL, tovuti ya majarida ya Afrika. Kama ni mambo ya bahari, na sisi watu wa Pwani tunaulizwa sana mikoko, matumbawe na samaki, kuna jarida la WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari, la bahari hii yetu ya Hindi ya magharibi ambalo linasomeka bure, na kuna AquaDocs, hazina ya mtandaoni iliyochukua nafasi ya OceanDocs. Alafu uangalie kile mnacholipia tayari: chuo kikiwa mwanachama wa KLISC, ule muungano wa maktaba ulioanza 2003 ili vyuo vinunue majarida ya mtandaoni kwa pamoja, basi huenda makala hiyo mnayo na mwanafunzi alikosa tu kwa kuwa anatafuta Google akiwa nyumbani bila kuingia na akaunti ya chuo. Pia kuna Research4Life kwa vyuo vilivyojisajili, humo ndani mna Hinari ya afya, AGORA ya kilimo na wenzao.

Tatu, na hii kwa Mombasa ndo dawa ya wengi, mtume mwanafunzi mwenyewe akasome huko huko. Barua ya utambulisho yenye muhuri, kitambulisho cha chuo, anaenda anakaa anasoma anapiga picha kurasa zake mbili tatu anarudi. Hakuna kusafirisha, hakuna dhamana. Piga simu kwanza uulize wanapokea wageni siku gani na kama kuna ada, kuna maktaba zinatoza wageni kitu kidogo na kuna zinazofunga milango kabisa wiki za mtihani, si vizuri mtoto wa watu apande feri ya Likoni asubuhi yote alafu arudishwe getini. Andika kwenye barua anachotafuta, usiandike "apewe msaada wowote", walinzi na wakutubi wote hawaipendi barua ya namna hiyo.

Ikiwa yote hayo yamegoma, ama anahitaji kukaa na kitabu wiki mbili, hapo sasa ndo unaazima.

Tafuta mtu, si mkataba tu

Watu wengi wakisikia ushirikiano wanakimbilia mkataba wa kurasa kumi na mbili wenye nembo za vyuo viwili, unaenda ofisi ya sheria, unarudi na maswali, unaenda tena, mwaka umekwisha. Mkataba ni muhimu, siusemi vibaya, lakini haujawahi kujibu imeili. Anzeni na chuo kimoja tu, wakuu wa maktaba wawili waandikiane barua kukubali kujaribu kwa semesta moja, ukurasa mmoja unatosha. Hiyo karatasi iseme ni vitu gani vinatoka na vipi havitoki, ni vingapi kwa wakati mmoja, vinakaa muda gani, nani analipa usafiri, kikipotea inakuwaje, na ni nani wa kuandikiwa kila upande.

Hapo kwa nani wa kuandikiwa ndo pakazie. Isiwe namba ya simu ya mtu binafsi. Fungueni imeili ya ofisi ambayo watu wawili wanaweza kuifungua, mmoja akiwa likizo mwenzake anajibu. WhatsApp itumike kuharakisha, "nimekutumia ombi, tazama", lakini ombi lenyewe liwe kwenye imeili, manake simu inaibiwa, simu inaanguka baharini, na siku ya kubishana kuhusu tarehe hakuna wa kutafuta meseji za miezi sita nyuma.

Na mkubaliane muda wa kujibu. Mimi napendelea siku hiyo hiyo ama kesho yake, hata kama jibu ni hapana. Hapana ya haraka ni msaada mkubwa, inamruhusu mwenzako aende kuuliza kwengine. Kinachoua hizi shughuli ni kimya tu. Ombi linakaa wiki, mwanafunzi anarudi kaunta mara ya tatu, unaona haya, na safari nyengine huombi tena upande ule hata kama unajua wanacho. Nimeona ushirikiano uliosainiwa na wakubwa, picha zikapigwa, ukafa kwa sababu hiyo tu.

Kuhusu pesa, kwa majirani nashauri muende bure kwa bure, kila mmoja alipe usafiri wa anachoomba. Mkitaka kutoza, pesa ipite kwenye akaunti ya chuo, paybill yenye risiti. Usipokee kwenye M-Pesa yako hata shilingi hamsini, mkaguzi akija hamtaelewana.

Vitu ambavyo kwa kawaida havitoki: kamusi na vitabu vya rejea, magazeti, vitu adimu na vya zamani, tesisi za karatasi, na vile vya rizavu ambavyo darasa zima linavigombania. Usikasirike ukinyimwa hivyo, na wewe wanyime. Vyengine mwenye nacho anaweza kukutolea kwa sharti kisitoke kwenye maktaba yako, mwanafunzi asomee hapo hapo ndani. Sharti hilo ukilikubali lishike, hata mhadhiri akija na sauti nzito.

Ombi lenyewe linaandikwa hivi

Ombi baya liko hivi: "Salaam, mko na kile kitabu cha uchumi wa bahari? Mwanafunzi anakitaka haraka." Anayepokea hilo afanye nini? Vitabu vya uchumi wa bahari ni vingi, haraka ni lini, na wewe nani.

Ombi zuri liko hivi, na mimi hulipenda liwe ndani ya imeili yenyewe si kwenye fomu iliyoskaniwa kombo: "Maktaba yetu inaomba kuazima kitabu kifuatacho: mwandishi fulani, jina la kitabu kamili, toleo la 3, mwaka 2015, mchapishaji, ISBN. Kwenye katalogi yenu kiko namba ya rafu hii, na leo asubuhi kinaonyesha kipo ndani. Tunahitaji toleo hili hili kwa sababu ya kurasa. Msomaji ni mwanafunzi wa uzamili. Mwisho wa kukihitaji ni tarehe 20 mwezi huu, baada ya hapo futeni ombi. Kama hakitoki, tunaomba skani ya sura ya 4, ukurasa 87 hadi 112. Atakuja kuchukua msaidizi wetu mwenye barua. Namba yetu ya ombi ni 2025/014."

Tazama yaliyomo. Namba ya rafu ina maana umefungua katalogi yao mwenyewe, hujamtuma mwenzako kazi yako. Toleo ni muhimu kwa sababu mwanafunzi ananukuu kurasa na toleo la 2 kurasa zake haziendani na la 3. Tarehe ya mwisho inamzuia mwenzako kuhangaika na kitu ambacho hakina kazi tena. Ile sentensi ya "kama hakitoki" ndo tamu kuliko zote, inampa njia ya pili bila kuandikiana tena. Na namba ya ombi ndo mtakayoitumia kila mkizungumza, si "kile cha juzi".

Jina la mwanafunzi halimo, wala namba yake ya usajili, wala simu. Hilo ni la makusudi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na hata kama isingekuwepo, anachosoma mtu ni siri baina yake na maktaba yake. Wewe andika kwenye rekodi yako kuwa 2025/014 ni ya nani, yatosha.

Kwa makala ya jarida yanatakiwa jina la jarida kamili, juzuu, namba, mwaka, kurasa, mwandishi, kichwa cha makala, na DOI, ile namba ya kudumu ya makala mtandaoni, kama ipo. Na hapa nina neno. Siku hizi wanafunzi wanakuja na marejeo waliyopewa na programu za akili mnemba, yamepangika vizuri, mwandishi yupo wa kweli, jarida lipo la kweli, na makala yenyewe haijawahi kuandikwa na mtu yeyote duniani. Usiyatume kwa jirani kabla hujayahakiki. Ibandike ile DOI kwenye kivinjari uone inafika wapi, alafu nenda kwenye ukurasa wa jarida, fungua juzuu hilo, tazama kama hizo kurasa zina makala hiyo. Ukikuta juzuu hilo linaishia ukurasa wa 200 na mwanafunzi anataka 341 hadi 360, mwite kwa upole umuulize aliyapata wapi. Ukipeleka marejeo hewa mara mbili tatu, mwenzako ataanza kuyachukulia maombi yako yote kama hewa.

Skani, kopi na sheria

Sura moja ama makala moja kwa mtu mmoja wa utafiti, hiyo ndo kawaida ya kazi hii. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, ambayo imefanyiwa marekebisho baadae, inaruhusu matumizi ya haki kwa utafiti wa kisayansi na matumizi binafsi, lakini haimaanishi kuskani kitabu kizima kukicha kwa sababu mwanafunzi kasema duka halina. Sura mbili leo, tatu kesho, nne keshokutwa kwa mtu yule yule, hicho ni kitabu kizima kwa awamu na unajua hivyo. Uliza pia kama chuo chenu kina leseni ya KOPIKEN, wale wanaotoa ruhusa za kunakili, na inasemaje.

Wamarekani wana kipimo chao cha kujizuia, makala tano kwa mwaka kutoka jarida moja zikiwa za miaka mitano ya karibuni, ukizidi hapo ujue unatakiwa kulilipia jarida. Si sheria ya huku, ila kama unataka kigezo cha kujipimia si kibaya.

Majarida ya mtandaoni ni habari nyingine, hapo kinachotawala ni leseni mliyosaini. Leseni nyingi zina kifungu cha kuazimana, zingine zinakubali kutuma kopi ya makala moja moja kwa maktaba nyingine, zingine zinataka uchapishe kwenye karatasi kwanza alafu uskani. Vitabu vya kielektroniki mara nyingi haviazimiki kabisa. Mwombe anayeshughulikia malipo ya majarida akusomee kifungu hicho, ni mistari michache. Lakini kumpa mwenzako nywila ya chuo ili "ajichukulie mwenyewe" haiko kwenye leseni yoyote. Ndo njia ya haraka ya kufanya wachapishaji wakate laini ya chuo kizima.

Ukiskani, fanya kama mtu mwenye macho. Ukurasa wa kichwa na ukurasa wa hakimiliki viwemo, kurasa zote zimesimama wima, kidole chako kisionekane, tanbihi za chini zisikatwe, na marejeo ya mwisho wa sura yawemo hata kama hayakuombwa kwa namba. Programu ya simu ya kuskani inatosha kama hamna mashine, weka kitabu chini ya dirisha mchana, usibane mgongo wake mpaka ukapasuka. Faili liite kwa namba ya ombi.

Kufunga na kutuma

Hapa ndo vitabu vinaumia, na Pwani vinaumia zaidi kwa sababu ya unyevu. Masika ya Aprili na Mei kitabu kikilowa pembeni tu, baada ya siku chache kina ukungu na harufu, na ukungu huo ukirudi nao maktabani unahamia kwa wenzake.

Kabla hakijatoka kipekue. Angalia mgongo, angalia kurasa zilizolegea, kuna maandishi ya kalamu, kuna ukurasa umechanwa? Piga picha jalada la mbele, la nyuma na kila kasoro, weka kwenye faili la ombi. Anayepokea naye afanye hivyo hivyo siku ile ile kabla hajampa mwanafunzi, na akiona kasoro ambayo haikutajwa aseme hapo hapo. Picha nne tu zinawaokoa na kesi zote.

Alafu funga. Mifuko ya juala imepigwa marufuku tangu 2017 kwa hivo usitafute hiyo. Mimi naona kinachofanya kazi ni faili la plastiki lenye zipu, lile la wanafunzi, kitabu kinaingia humo kwanza kujikinga na maji, halafu vipande viwili vya boksi gumu juu na chini vikubwa kidogo kuliko kitabu ili pembe zisigonge, halafu karatasi ya kaki, halafu gundi ya utepe kwenye kaki, si kwenye kitabu. Faili la zipu linarudi na kitabu, liandikeni jina la maktaba. Ndani mna karatasi moja: namba ya ombi, jina la kitabu, namba ya kibandiko cha maktaba, tarehe ya kurudi, masharti, na anwani ya kurudishia. Nje kuna anwani kubwa inayosomeka na simu ya ofisi.

Kwa ndani ya kisiwa, mtu aende na aje, daftari la makabidhiano lisainiwe pande zote mbili. Kwa Kilifi ama Voi mzigo unaweza kwenda na gari la abiria lenye ofisi ya mizigo, chukua risiti yenye namba ya gari, itume picha yake kwa anayepokea kabla gari halijaondoka. Usimpe dereva mkononi kwa kuwa mnatoka mtaa mmoja. Usitume Ijumaa jioni, mzigo utalala ofisini mpaka Jumatatu na hakuna anayejua umelalia nini juu yake.

Kikiwa mikononi mwako

Usikipige muhuri wako. Kuna maktaba moja, siitaji, waliturudishia kitabu kina muhuri wao kwenye ukurasa wa kichwa na lebo yao ya mgongo imebandikwa juu ya yetu, tukabaki tunaikwangua kwa wembe na jalada likatoka nalo. Unachotakiwa kufanya ni kukata ukanda wa karatasi upana wa vidole vinne, uuzungushe kwenye jalada la mbele kama mkanda, uugundishe karatasi kwa karatasi, uandike mali ya chuo fulani, tarehe ya kurudi, usiondoe ukanda huu. Basi.

Tarehe ya mwanafunzi iwe siku tatu nne kabla ya tarehe ya mwenye kitabu. Usimwambie ukweli wote. Akitaka kuongezwa muda, omba kabla tarehe haijapita, na kama wamekidai kabla ya tarehe, yaani wanakitaka kwa msomaji wao, kinarudi, hakuna mjadala, wao ndo wenyewe.

Kwa kumbana mwanafunzi una silaha moja kubwa nayo ni kliaransi. Kitabu cha kuazima kiingie kwenye akaunti yake kama kitabu chenu, kwenye Koha, ile programu ya kuendeshea maktaba, unatengeneza rekodi ya muda, ili siku anakuja kusainiwa fomu ya kumaliza chuo kionekane. Wengi wanasahau hatua hii, mwanafunzi anahitimu, anaenda Doha kufanya kazi, na kitabu cha watu kiko kwenye sanduku kwao Kwale. Wahadhiri hawana kliaransi ya karibu, kwa hivo wao uwapigie simu, na ukiweza mpige yule katibu wa idara, huyo ndo anajua kitabu kiko dawati gani.

Kikipotea, lipa ama nunua kingine cha toleo lile lile, mapema, kabla hujamalizana na mwanafunzi. Vuta pesa kwake kwa wakati wako. Jirani asisubiri kamati yenu ya nidhamu.

Ukihitaji kitu cha mbali

Kwa mambo ya bahari na uvuvi usianze na Nairobi, KMFRI wako hapa hapa Mkomani na ni taasisi ya utafiti tangu 1979. Na maktaba za bahari duniani zina chama chao, IAMSLIC, chenye kundi la Afrika na katalogi ya pamoja ambayo wanachama wanaombana humo makala. Mkutubi mwenye wanafunzi wengi wa sayansi ya bahari atafute njia ya kuingia humo.

Wa fasihi na historia ya Uswahili watazame Fort Jesus, alafu wavuke mpaka. Nairobi, Dar es Salaam na Makerere zilikuwa chuo kikuu kimoja cha Afrika Mashariki kuanzia 1963 mpaka 1970, na Dar mambo ya Kiswahili wanayo ya kutosha. Lakini usiombe kitabu chenyewe kivuke Lunga Lunga, kwenye basi na forodha na maelezo kwa afisa asiyejua maktaba inaazima nini. Omba skani ya sura. Taja kurasa, jitolee kulipia, na mpe mwenzako muda zaidi ya ule wa majirani. WorldCat, katalogi ya pamoja ya maktaba za dunia, itakusaidia kujua kitu kipo nchi gani, ila maktaba zetu nyingi hazimo humo, kwa hivo kutoonekana humo si ushahidi kwamba hakipo Kenya.

Rekodi

Eksel moja, kurasa mbili, tulichoomba na tulichoombwa. Namba, tarehe ya ombi, nini, kwa nani, jibu lilikuja lini, kilifika lini, kilirudi lini, na kama kilikataliwa basi kwa sababu gani. Hiyo safu ya sababu usiiache tupu. Ukikuta "hakitoki, rizavu" imejirudia kwa kitabu kimoja, hicho kinunuliwe, na hiyo eksel ndo utaipeleka kwenye kikao cha bajeti badala ya kwenda kulalamika kwa mdomo. Ukikuta upande mmoja unaomba sana na mwengine unatoa tu, kaeni muongee kabla anayetoa hajachoka. Mara nyingi yule mdogo ana kitu mwenzake hajui, kampasi ya biashara ina vitabu vya uhasibu vipya kuliko chuo kikubwa, ila katalogi yake haijaingizwa mtandaoni ndo maana haombwi.

Maombi yakiwa mengi kuliko eksel, waone watu wa ICT. Koha ina moduli ya kuazimana ndani yake, haiji imewashwa, lazima mtu aiwashe kwenye mipangilio ya mfumo. Mkiwa wawili watatu mnaotumia Koha, waombeni pia wawafungulie Z39.50 ili kila mmoja atafute kwenye katalogi ya mwenzake akiwa kaunta yake. Wataanza kukwambia seva ina kazi nyingi. Waandikie tiketi, uwafuatilie kila Jumatatu.